Kaka anatoka jela na ana hepatitisi C: je, VA bado itamtibu?

SWALI: Kaka yangu mkubwa aliingia jeshi la nchi kavu la Marekani akiwa na grinikadi, akapelekwa Iraq. Miaka kadhaa baada ya kuacha jeshi alihukumiwa, na sasa yuko gereza la jimbo hapa Texas. Huko alipimwa akaambiwa ana hepatitisi C, lakini hajapewa dawa yoyote. Anatoka kwa paroli baada ya wiki kumi hivi na atakaa kwangu Houston. Cheti chake cha kuacha jeshi sijui kinasemaje. Watu wananiambia mfungwa hupoteza haki zote za jeshi. Ni kweli? Dawa tutazipata wapi? Na nina watoto wadogo nyumbani, watakuwa salama?

JIBU: Dada, si kweli. Kifungo hakimfutii mtu haki ya matibabu ya Wizara ya Maveterani ya Marekani, yaani VA, inayowahudumia waliowahi kuwa wanajeshi. Sheria inachosema ni kwamba VA haimtibu mtu akiwa bado ndani, kwa sababu gereza ndilo lenye wajibu huo. Akishaachiliwa, mlango uko wazi. Kinachoamua ni namna alivyoachishwa jeshi, na hukumu ya mahakama ya kiraia iliyokuja miaka baadaye haibadilishi neno hata moja kwenye cheti hicho.

Dawa zenyewe siku hizi ndizo sehemu nyepesi ya safari. Ni vidonge tu, wiki 8 au 12, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona kabisa. Wanaokwama hukwama kabla ya kidonge cha kwanza: cheti hakipo, majibu ya maabara yamebaki gerezani, anwani imebadilika, au hati ya kukamatwa iliyosahaulika inaibuka. Wiki kumi mlizo nazo ni za kumaliza mambo hayo.

Anzeni na cheti, fomu iitwayo DD-214. Ina nakala kadhaa, na inayotakiwa ni ile iliyoandikwa Member-4, maana nakala fupi, Member-1, haionyeshi aina ya kuachishwa. Angalieni kisanduku namba 24. Kikisema "Honorable" au "Under Honorable Conditions (General)", upande huo mmemaliza. Kama cheti kimepotea, kaka aandike kwa fomu SF-180 kwenda kituo cha kumbukumbu za wanajeshi kilichoko St. Louis. Wewe huwezi kumwombea akiwa hai bila idhini yake: saini iwe yake, kwa hiyo mpelekee fomu kwa posta airudishe imesainiwa. VA mara nyingi huthibitisha utumishi yenyewe kwenye kompyuta zao, kwa hiyo cheti kikichelewa msisubiri; ombeni hivyo hivyo.

Kikisema "Other Than Honorable" au "Bad Conduct", msikate tamaa na msikubali mtu wa mapokezi awaambie hapana kwa mdomo. VA inapaswa kufanya uamuzi wake wa maandishi kuhusu mazingira ya kuachishwa, na kanuni za uamuzi huo zililegezwa Juni 2024, hivyo hata aliyekataliwa zamani anaweza kuomba tena. Sambamba na hilo anaweza kuomba jeshi lenyewe libadilishe cheti: fomu DD-293 ikiwa haijapita miaka 15 tangu aachishwe, DD-149 ikiwa imepita. Ila njia hii ni ya miezi mingi na ini halingoji, kwa hiyo kwa mwenye cheti kibaya dawa zitafutwe kwanza kwa njia ya pili nitakayoitaja chini. "Dishonorable", ile inayotolewa na mahakama kuu ya kijeshi, kwa kawaida hufunga mlango.

Kuna sharti la muda pia. Aliyeingia baada ya tarehe 7 Septemba 1980 anatakiwa awe ametumika miezi 24 mfululizo, au muda wote alioitiwa, isipokuwa alitolewa kwa ulemavu alioupata kazini au kwa shida kubwa ya kifamilia. Kwa aliyefika Iraq kuna nafuu nyingine: tangu Machi 2024, chini ya sheria iitwayo PACT, waliotumika kwenye vita hivyo wanajiandikisha matibabu moja kwa moja bila kwanza kudai fidia ya ulemavu. Na mtu anayetoka jela bila kipato huingia kwa urahisi kwenye kundi la wenye kipato kidogo, kwa hiyo huduma nyingi hatozwi. Hata anayetozwa, kiwango cha juu cha dawa ni dola 11 kwa mgawo wa siku 30. Linganisha na bei ya dukani: dawa ya kwanza ya kizazi hiki ilitoka mwishoni mwa 2013 kwa dola 84,000 kwa tiba moja, dola 1,000 kila kidonge, na mbili za sasa, Epclusa na Mavyret, bei yake ya orodha imekuwa zaidi ya dola 20,000.

Bei hiyo ndiyo iliyowafanya wafungwa wengi wasubiri. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1976, katika kesi ya Estelle dhidi ya Gamble, kwamba kumpuuza kwa makusudi mfungwa mwenye ugonjwa mzito ni kuvunja Katiba. Hata hivyo magereza mengi ya majimbo yaligawa dawa kwa foleni, wakianza na wale ambao ini limeshaharibika. VA nayo ilianza hivyo hivyo, lakini Machi 2016 ikatangaza kwamba kila veterani aliyejiandikisha atatibiwa, ini liwe limefikia hatua yoyote, na kufikia 2019 karibu 100,000 walikuwa wamepona.

Je, kaka aanze kulipigania gereza sasa hivi limpe dawa? Kwa wiki kumi zilizobaki nisingeweka nguvu huko, isipokuwa kama ana dalili za ini kuchoka: tumbo kujaa maji, macho ya manjano, kutapika damu, kuchanganyikiwa. Hizo hazisubiri tarehe ya paroli. Aombe daktari kwa maandishi siku hiyo hiyo na abaki na nakala. Kama hana dalili, aombe vipimo. Vipimo ni rahisi kupata kuliko dawa, na vitaokoa wiki kadhaa akifika kwako.

Cha kwanza kati yake ni kipimo cha RNA, kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu. Watu wengi wanaoambiwa gerezani "una hepatitisi C" wamepimwa kingamwili tu. Kingamwili inasema virusi vilipita mwilini. Haisemi kama bado vipo. Takriban mtu mmoja kati ya wanne huvifukuza mwenyewe bila dawa. Kabla hamjalala macho wazi usiku, hakikisheni kwamba RNA ilipimwa na ilionekana. Ikiwa haipo, hana ugonjwa wa kutibiwa, na mazungumzo yote haya yanabaki kuwa ya kujiandikisha kwa ajili ya afya yake kwa jumla.

Ikiwa ipo, aombe pia hesabu kamili ya damu, vimeng'enya vya ini AST na ALT, kipimo cha VVU, na hepatitisi B: antijeni ya uso wa kirusi (HBsAg) na kingamwili ya kiini chake (anti-HBc). Hepatitisi B haipimwi kwa kuongeza orodha tu. Dawa za C zikishaua virusi vya C, vya B vilivyokuwa vimelala vinaweza kuamka na kulichoma ini. Kwa sababu hiyo, tangu 2016 dawa zote za kundi hili hubeba onyo kali kwenye maelezo yake. Kwa mtu aliyezaliwa Afrika Mashariki, ambako B imeenea kuliko C, msikubali kipimo hiki kirukwe.

Kwa namba hizo mnaweza hata kukadiria hali ya ini mezani kwenu. Chukueni umri, zidisha kwa AST. Gawanya kwa chembe za kugandisha damu zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. Mfano: mtu wa miaka 44, AST 52, ALT 64, chembe 220. Juu ni 44 mara 52, yaani 2,288. Kipeuo cha 64 ni 8, mara 220 ni 1,760. Jibu 1.3. Chini ya 1.45 kovu kubwa kwenye ini halitarajiwi. Juu ya 3.25 ni la kutiliwa shaka sana na atahitaji uchunguzi zaidi. Katikati, daktari ataongeza kipimo kingine, mara nyingi kile cha mashine inayopima ugumu wa ini kutoka nje ya ngozi. Madaktari wanaitumia kanuni hii kila siku. Haichukui nafasi yao, lakini inakusaidia kujua kama ni wa kukimbizwa au ni wa kufuata foleni kwa utulivu.

Kaka asaini fomu ya gereza ya kutoa kumbukumbu za matibabu, akitaja jina lako kama mpokeaji. Huko Texas matibabu ya magereza ya jimbo huendeshwa na vyuo vikuu viwili vya tiba, UTMB na Texas Tech, kwa hiyo ulizeni kumbukumbu ziko kwa nani kabla ya kutuma barua mahali pasipo. Zikija, zikague mwenyewe: RNA yenye tarehe ipo? Mara nyingi hutumwa kurasa nyingi za vipimo vya presha na karatasi moja inayotakiwa haimo.

Wakati huo huo aombe kuonana na mtaalamu wa VA anayewahudumia maveterani wanaotoka magerezani. Mpango huo unaitwa Health Care for Reentry Veterans, na kila jimbo lina watu wake, ambao majina yao yamo kwenye tovuti ya VA. Wanaingia magerezani au huwasiliana kwa barua, wanapanga miadi ya kwanza, na wanajua makazi ya muda yako wapi. Msimchanganye na yule wa Veterans Justice Outreach, ambaye kazi yake zaidi ni mahakama na jela za kaunti. Wewe kama dada unaweza kupiga simu kuuliza utaratibu, ila hawatakuambia lolote la afya yake bila idhini. Fomu ya idhini upande wa VA ni 10-5345. Naye asaini hiyo pia.

Fomu ya kujiandikisha ni 10-10EZ. Ijazeni akiwa bado ndani, kisha mtaalamu huyo awaambie iwasilishwe lini. Kwa kawaida ni akishatoka. Inapokelewa mtandaoni, kwa posta, kwa simu namba 877-222-8387, au kwa mkono hospitalini, ambako kwenu ni Michael E. DeBakey. Mimi ningekwenda kwa mkono, kwa sababu mnaweza kuomba miadi papo hapo. Mwambie aseme kwa maneno haya haya: ana hepatitisi C ambayo haijatibiwa, na RNA yake hii hapa. Asiseme tu "nataka kuonana na daktari". Wiki ikipita bila jibu, msijaze fomu ya pili, maana maombi mawili hugongana, pigeni simu. Na wakimwambia daktari bingwa yuko mbali au foleni ni ndefu, mjue kanuni: ikiwa safari ya gari inazidi dakika 60, au kungoja kunazidi siku 28, anaweza kuomba apelekwe kwa daktari wa nje kwa gharama ya VA. Ila mara nyingi haihitajiki, kwani matibabu haya VA huyatoa hata kwa mfamasia na kwa video.

Sasa mitego. Wa kwanza ni hati ya kukamatwa. Mwenye hati ya kosa kubwa ambayo haijafungwa, hata ya jimbo jingine, hata kwa kuvunja masharti ya paroli, sheria inamhesabu kuwa mtoro, na VA inaweza kusimamisha haki zake pamoja na matibabu. Mwanasheria wa umma au wakala wa maveterani wa kaunti anaweza kuangalia kama ipo. Wa pili ni paroli yenyewe: miadi ikiwa nje ya kaunti, au saa inayogongana na kuripoti, mwambieni afisa wake mapema na mbaki na karatasi ya miadi. Wa tatu ni anwani. VA hupeleka dawa nyingi kwa posta, na kifurushi kikirudi, tiba imekatika. Kwa kuwa atakaa kwako, iwe anwani yako, na akihama abadilishe hospitalini kabla ya kuhama.

Kama alikuwa akipokea fidia ya ulemavu, kuna jambo la pesa. Mfungwa wa kosa kubwa hupunguziwa fidia kuanzia siku ya 61 ya kifungo: mwenye ulemavu uliokadiriwa asilimia 20 au zaidi hushushwa hadi kiwango cha asilimia 10, na wa 10 hukatwa nusu. Ikiwa VA haikuarifiwa na iliendelea kulipa, atakuta deni. Aombe mpango wa kulipa kidogo kidogo au msamaha, asilifiche. Ili fidia irudi kuanzia siku aliyotoka, VA iarifiwe ndani ya mwaka mmoja, na barua ya gereza yenye tarehe ya kutoka inakubaliwa hata siku 30 kabla.

Njia ya pili, VA ikikataa au ikichelewa. Texas haikupanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa hiyo mwanaume mzima asiye na ulemavu wala mtoto wa kumtunza kwa kawaida hapati. Houston mna Harris Health, hospitali za kaunti zenye msaada wa kifedha kwa wakazi, na zipo zahanati za jamii zinazotoza kwa kipato. Daktari wa huko akiandika dawa, watengenezaji wana mipango ya kuzitoa bure kwa asiye na bima: Gilead kwa Epclusa, AbbVie kwa Mavyret. Fomu hujazwa na daktari pamoja na mgonjwa, na huambatishwa ushahidi wa kipato. Barua ya gereza ya kuachiliwa huwasaidia kueleza kwa nini hana hati za mshahara.

Kuhusu dawa zenyewe. Epclusa ni kidonge kimoja kwa siku, wiki 12, vidonge 84. Mavyret ni vidonge vitatu kwa pamoja, mara moja kwa siku, pamoja na chakula, wiki 8, vidonge 168. Mwenye ini lililoshindwa kazi hapewi Mavyret. Huyo hutibiwa na bingwa, mara nyingi Epclusa pamoja na ribavirini. Madhara ya kawaida ni kichwa kuuma kidogo na uchovu. Zile hadithi za sindano za mwaka mzima zinazomwangusha mtu kitandani ni za tiba ya zamani ya intaferoni, na bado zinawatisha watu bure.

Kinachoharibu tiba mara nyingi ni dawa nyingine. Aende na chupa zote alizopewa gerezani. Dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, na rifampisini ya kifua kikuu, hushusha kiwango cha dawa hizi mpaka zisifanye kazi. Amiodaroni ya moyo ikikutana na Epclusa inaweza kupunguza mapigo kwa hatari. Atorvastatini ya kolesteroli haiendi na Mavyret. Na ile inayopuuzwa na kila mtu: omeprazoli, kidonge cha kiungulia kinachouzwa dukani bila cheti cha daktari, huzuia Epclusa isinyonywe vizuri tumboni. Ana kisukari? Sukari inaweza kushuka virusi vinapoondoka, kwa hiyo apime mara nyingi zaidi.

Akisahau siku moja mbili, aendelee bila kumeza dozi mbili. Zikizidi siku 7 mfululizo, apige simu kwa mfamasia siku hiyo hiyo. Mara nyingi bado inaokolewa. Akikamatwa tena katikati ya tiba, jambo ambalo hutokea hata kwa kosa dogo la masharti, peleka chupa jela ya kaunti mara moja na zungumza na muuguzi, sio na askari wa mlangoni. Na mtu yeyote asimwambie athibitishe kwanza kwamba ameacha pombe au dawa za kulevya. Miongozo ya madaktari wa ini Marekani inasema wazi kwamba matumizi hayo si sababu ya kumnyima tiba.

Watoto wako salama. Hepatitisi C huenda kwa damu. Kula sahani moja, kukumbatiana, choo kimoja, kukohoa, hakuna shida. Wembe, mashine ya kunyolea, mswaki na kikata kucha viwe vyake peke yake, na damu ikimwagika ifutwe kwa maji ya klorini ukiwa umevaa glavu. Yeye achanjwe hepatitisi A na B kama hana kinga. Ya C haina chanjo.

Swali ambalo hukuuliza: grinikadi. Ikiwa hakuwahi kuchukua uraia, hukumu yake inaweza kumfungulia kesi ya kuondolewa nchini, hata kwa aliyepigana Iraq. Matibabu ya VA hayategemei uraia, kwa hiyo hilo lisimzuie kwenda hospitali, lakini asiombe uraia, asiombe kadi mpya na asisafiri nje ya Marekani kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji anayejua kesi za jinai.

Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho atapimwa RNA tena. Isipoonekana, amepona. Kama ini lilikuwa limefikia sirosisi, yaani limejaa makovu, aendelee kupigwa picha ya ultrasaundi kila miezi 6, kwa sababu hatari ya saratani haiishi siku hiyo. Kupona hakumkingi na maambukizi mapya, na kingamwili yake itabaki kuonekana maisha yote. Kliniki nyingine ikimpima kingamwili tu, itamwambia tena anaumwa, kwa hiyo nakala ya jibu hilo la RNA aiweke pamoja na DD-214.